Chupa za Mzunguko wa Tatu

Mmeniomba niwaandikie ya kuwatia moyo, kwa kuwa nimestaafu na nina muda. Muda ninao. Moyo wa kuwagawia sina, na nikisema vinginevyo nitakuwa nawadanganya. Nitawaandikia kazi ilivyokuwa, nanyi mtachukua mtakachoona kinafaa. Vyeo sitavitaja, maana havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe.

Maabara mnayofanyia kazi hapo Moshi ilianzishwa kwa ajili ya jambo moja: kuzifanya seli za mnyama zitengeneze protini ya kugandisha damu, ile ambayo wagonjwa wa hemofilia wamezaliwa bila kuwa nayo ya kutosha. Mtu wa namna hiyo akijikata, au akijigonga tu, damu yake haijui kusimama. Dawa yake ni hiyo hiyo protini. Inatengenezwa nchi za mbali na kutufikia kwa msaada, ikifika. Sisi tulitaka itengenezwe hapa.

Seli zenyewe zilitokana na panya mdogo wa kigeni, hamsta, aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Yeye alikufa, seli zake zikaendelea kugawanyika kana kwamba hakuna aliyezipa taarifa ya msiba. Zimepandikizwa jeni ya binadamu, kwa hiyo zikila na kukua zinaachia ile protini ndani ya supu. Supu ndilo jina tulilowapa maji ya virutubisho yanayozilisha, na nasikia bado mnaliita hivyo. Kazi yetu yote ilikuwa kuzibembeleza zitoe zaidi. Leo zimelala ndani ya pipa la naitrojeni, kwenye baridi inayoweza kukata kidole. Waliopaswa kuja kuzichukua walitupongeza, kisha wakanyamaza.

Nilitoka hospitalini, nilikokuwa nikitazama damu ya watu kutafuta malaria kutwa nzima. Siku yangu ya kwanza maabara ilikuwa Jumatatu. Mkuu wa maabara, Dakta Eliamani, mtu wa Marangu, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakunipa mkono. Aliniambia ninyooshe viganja, akainama, akavinusa.

"Jumamosi ulikuwa wapi, dada?"

"Nyumbani Uru, Dakta. Binamu yangu ameolewa."

"Mlipika mbege?"

"Mimi nilikoroga tu."

"Ulikoroga tu," akarudia, kama daktari anayemsikiliza mgonjwa akisema amekunywa sumu kidogo. "Haya, rudi nyumbani. Oga, osha nywele, na hiyo sweta usije nayo tena hapa. Tuonane Alhamisi."

Nilishuka ngazi nikilia. Nilidhani nimefukuzwa kwa ulevi, na sikuwa nimeonja hata kibuyu kimoja. Alhamisi alinikalisha mbele ya hadubini akanionyesha chupa moja iliyoharibika. Kati ya seli zetu kubwa, zenye afya, kulikuwa na vitu vidogo vya mviringo vinavyochipuliana kama shanga. Hiyo ni hamira. Anayekoroga mbege, pombe yetu ya ndizi zilizochachuka na kimea cha ulezi, hutoka na hamira kwenye kucha, kwenye nywele, kwenye sweta. Haimdhuru yeye, wala wanywaji haiwadhuru, ila wakichelewa kurudi nyumbani. Ikiingia kwenye supu yetu inakula kila kitu, na asubuhi chupa imekuwa na mawingu. Kwenye vitabu vyenu vya Kiingereza mtasoma sababu nyingi za uchafuzi. Mbege haimo, kwa sababu walioviandika hawana wajomba Uru.

Kwa hiyo tulikuwa na sheria ambayo sidhani maabara nyingine inayo: ukitoka kwenye harusi, kipaimara, komunyo au msiba wa huku mlimani, chumba safi huingii mpaka Dakta aseme. Na ninyi mnajua kwetu hakupiti wiki bila kimojawapo. Kuna wakati tulibaki watatu tu wenye ruhusa ya kugusa chupa, na mmoja wetu alikuwa Msabato.

Mengine aliyonifundisha Eliamani ni haya, myashike. Usiamini namba zinazowaka kwenye mlango wa inkubeta, kabati la joto la kukuzia seli. Weka kipimajoto chako ndani. Supu ikiwa nyekundu, seli zina raha. Ikielekea njano, zimeshiba na zimejichafulia, na hapo umeshachelewa. Usipige soga mbele ya kabati la hewa safi. Jenereta isikilize kabla umeme haujakatika, si baada. Na koo zisizo na faida ziache zife. Koo, maana kila kundi la seli tulilolianzisha kutoka kwenye seli moja tuliliita ukoo, na tulizipa majina ya huku kwetu. Ukoo wa Uru ulikufa mapema, nikachekwa mwezi mzima. Ukoo wa Kibosho ulikua haraka lakini haukutoa kitu. Hayo sikuyasema mimi. Ukoo uliotubeba ulikuwa wa Marangu, na Eliamani aliapa kwamba jina lilipigiwa kura, ingawa hakuna anayeikumbuka hiyo kura.

Jambo letu kubwa tulilifumbua kwa sababu ya Krismasi. Desemba hapa kwetu hakuna anayebaki mjini; mtu akibaki watu huuliza amekosana na nani nyumbani. Seli nazo hazina Krismasi, zinataka kulishwa. Mwaka mmoja hakuna aliyekubali zamu, hata Msabato, kwa kuwa mke wake si Msabato. Eliamani akaamua kushusha joto la inkubeta ili seli zizubae, zile polepole, zitungoje. Tuliporudi tulizikuta chache kuliko kawaida. Lakini Felisi, mwenzangu aliyekuwa akipima protini, alirudia kipimo mpaka akachoka, kisha akaja kuniita. Zile seli zilizopigwa baridi zilikuwa zimeacha kuzaana, nguvu zote zikaishia kwenye protini. Ilikuwa nyingi kuliko tuliyowahi kuiona.

Tulicheza humo ndani na makoti yetu meupe. Baadaye Eliamani alisoma akakuta wenzetu wa ng'ambo walilijua jambo hilo zamani. Alitusomea ukurasa wote, akavua miwani. "Wao walitumia akili," akasema, "sisi tumetumia Krismasi. Protini haijui tofauti."

Sasa niwaambie ilikuwa kwa ajili ya nani. Dada mkubwa wa Eliamani aliolewa upande wa Hai, juu kidogo ya Kwa Sadala, na alikuwa na mtoto mmoja tu, Godlisten. Tulimwita Godi. Ugonjwa wake ulijulikana alipotahiriwa, damu ilipokataa kukata mpaka wakamkimbiza hospitali kubwa. Nilipomfahamu alikuwa mtu mzima, fundi cherehani hapo sokoni Kwa Sadala. Magoti yalikuwa yameharibiwa na damu iliyovujia ndani miaka yote, hayakunji vizuri, kwa hiyo cherehani ya miguu ilimshinda. Alitumia ile ya kuzungusha kwa mkono. Ndiye aliyetushonea makoti. Akija kupimwa hospitali alivuka barabara kutusalimia, akakaa kwenye benchi la nje na fimbo yake, kwa sababu mjomba wake hakuruhusu mtu yeyote wa Kwa Sadala, kwenye mbege ya kila siku ya soko, asogelee mlango.

"Shikamoo, mama Yusta. Hao panya wenu wameamkaje?"

"Marahaba, baba. Wameamka, wamekula."

"Wanakula vizuri kuliko mimi. Waambie wafanye haraka basi, goti hili halina subira."

Alikuwa akitania, lakini mjomba wake hakuwa akicheka. Eliamani alijua wazi, na alinifundisha nami nijue, kwamba kutoka kwenye chupa yetu mpaka kwenye mshipa wa mtu kuna safari ndefu. Protini ichujwe, itenganishwe na takataka zote za hamsta, ipimwe kama haina virusi, ijaribiwe, iandikishwe. Kazi hiyo ni ya kiwanda. Na palikuwa na kiwanda kilichokuwa kinajengwa, wakubwa wake walikuja, wakatuambia: tuleteeni ukoo ambao umevuna vizuri mizunguko mitatu mfululizo, bila uchafu na bila mavuno kushuka, tutauchukua. Mzunguko ni kukuza seli tangu kikopo kidogo mpaka chupa kubwa na kuvuna supu. Tulijaribu. Mara ya kwanza mzunguko wa tatu uliingiwa na hamira baada ya kipaimara cha mtoto wa mhasibu. Tukaanza upya. Nilipokaribia kustaafu, ukoo wa Marangu ulikuwa umepita mzunguko wa kwanza na wa pili, safi kabisa, na wa tatu ulikuwa umebakiza siku chache za baridi kabla ya kuvuna.

Hapo ndipo Eliamani alipokufa. Alianguka bafuni nyumbani kwake, shinikizo la damu, wakamfikisha hospitali ameshaondoka.

Msiba ulikuwa Marangu, kwenye kihamba, shamba la migomba la baba yake. Maabara nzima ilipaswa kwenda na maabara nzima ilitaka kwenda. Huku kwetu mtu anaweza kukosa harusi yako ukamsamehe. Lakini kila atakayepanda Marangu atakuwa amekaa na watu waliopika mbege, ameshikana nao mikono, amekumbatiwa, na hataweza kuingia chumba safi wakati wa kuvuna. Tulikaa kwenye ngazi kuamua nani abaki. Felisi ameoa Marangu, hakuwa na njia. Msabato alikuwa safarini. Nikasema nitabaki mimi.

Siku ya mazishi mke wa marehemu, Mama Neema, alinipigia simu. Nilisikia kwaya nyuma yake.

"Yusta, umefika wapi? Hatukuoni."

"Niko maabara, mama. Mzunguko wa tatu. Dakta alitaka..."

"Najua alichotaka. Angekuwa hai angekuambia ubaki." Akasubiri kwaya imalize ubeti. "Lakini hayuko hai, Yusta. Tulio hai ni sisi, na tunakutazamia wewe."

Nilivaa glavu, nikapuliza spiriti, nikaingia. Nilivuna chupa zote peke yangu. Supu ilitoka angavu, rangi ya chai ya rangi iliyofifia. Nilipima. Mavuno hayakuwa yameshuka. Yalikuwa yamepita mizunguko yote miwili. Nikaziweka chupa kwenye friji, nikakaa sakafuni nikiwa nimeiegemea, nikamlilia Eliamani hapo, peke yangu, na mashine zikinguruma. Mtu niliyepaswa kumpa habari ile ndiye aliyekuwa akifukiwa.

Felisi alipiga jioni kusema wamemzika salama. Halafu akasema Godi ameteleza. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya kushuka kutoka kaburini inapita kando ya mfereji, akateleza na fimbo yake akagonga kichwa kwenye jiwe. Hakutoka damu hata tone. Watu walimwinua, wakamfuta matope, akawatania kwamba mjomba amemvuta mguu. Alikula ndizi za machalari na wenzake.

Asubuhi yake alizungumza maneno yasiyoeleweka. Alipofikishwa hospitali, ile iliyo ng'ambo ya barabara yetu, walijua mara moja ni nini: damu ilikuwa inavuja ndani ya kichwa. Dawa ya msaada ilikuwa imekwisha, shehena nyingine haijafika. Walipiga simu kila mahali. Walimwekea plazma, yaani maji ya damu, waliyoipata, na plazma kwa ugonjwa kama ule ni kujaribu kuzima moto wa nyumba kwa kikombe. Siwalaumu, niliwaona wanavyokimbia.

Kesho yake mama yake alivuka barabara akaja kwetu. Alikuwa bado amevaa kitenge cheusi cha msiba wa mdogo wake, na viatu vyenye udongo wa Marangu. Hakuja mlangoni, alisimama kwenye lile benchi la mwanawe. Nilitoka.

"Shikamoo, Mama Godi."

Hakuitikia. "Yusta, sitaki maneno mengi. Hiyo dawa mliyokuwa mnatengeneza na Eliamani. Ipo au haipo?"

Miaka yote ile nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, na nilijua jibu langu litakuwa la furaha.

"Ipo, mama," nikasema. "Nimeivuna juzi. Lakini haiwezi kuingia kwa mtu. Bado ni supu. Ina uchafu wa seli, hatujui ina virusi gani. Ikiingia kwenye mshipa wake itamuua."

"Na isipoingia?"

Nilitazama ng'ambo ya barabara.

"Hata kidogo? Hata kwa sindano ndogo ya mtoto?"

"Hata tone, mama."

Msidhani sikuwaza. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimepiga hesabu za kuichuja kwa vifaa tulivyonavyo, na kila nilipoifikisha mwisho nilikuta naandaa sumu. Ninyi mnaosoma haya mnaweza kupiga hesabu zenu. Mkipata jibu tofauti, naomba msiniambie.

Akataka kuiona. Nikavaa, nikaingia, nikatoa chupa moja nikamwonyesha nikiwa upande wangu wa kioo cha dirisha. Aliweka kiganja kwenye kioo. Alitazama kwa muda mrefu ile supu iliyokuwa na kitu alichokikosa mwanawe tangu kuzaliwa, nyingi, angavu, imetulia. Midomo yake ilikuwa inatembea, labda alikuwa anasali. Niliporudi nje alikuwa ameshajifuta uso.

"Sikiliza," akasema. "Godi akifa, hii haikuwepo. Umenisikia? Baba yake akijua ilikuwepo, ng'ambo ya barabara, kwenye friji, hataelewa habari ya virusi. Hata mimi sielewi, nakuamini tu kwa sababu Eliamani alikuamini. Mwambie haikuwepo. Dawa ikikosekana mtu analia, halafu anaendelea. Hii nyingine hawezi."

Godi alifariki akiwa ameshikwa mkono na mama yake. Nimelinyamazia jambo hili tangu siku ile. Baba yake amezikwa mwezi uliopita, na baada ya mazishi Mama Godi alinivuta pembeni akaniambia sasa niseme, maana amechoka kulibeba na mtu mmoja tu. Ndiyo sababu mnalisoma hapa, na ndiyo sababu sina cha kuwatia moyo. Mtazikuza zile seli vizuri kuliko sisi, sina shaka. Mtashusha joto kwa ustadi, mtavuna kwa wingi, na chupa zitajaa kwenye friji. Msipopata wa kuzichukua kutoka hapo, mtakuwa mmefanya kazi niliyofanya mimi, na nisingemwombea mtu.

Kwenye mazishi ya Godi nilienda. Sikuwa na chupa tena za kulinda. Nilipanda mapema, nikamenya ndizi na wanawake, nikakoroga mbege mpaka viwiko, na hakuna aliyeninusa. Walipomaliza kufukia, baba yake aliletewa kiti karibu na kaburi. Alikuwa mzee wa kahawa, mikono migumu, ameikunja kwenye mapaja kana kwamba si yake. Aliniona, akaniita.

"Wewe ndiye uliyekuwa unafanya kazi na shemeji yangu Eliamani?"

"Ndiye mimi, baba. Pole sana."

"Mtoto alikuwa anatuambia kila siku. Panya, panya. Anasema mjomba na mama Yusta wanamtengenezea dawa, ipo karibu." Alinitazama bila hasira yoyote, na ningependelea hasira. "Niambie mwanangu. Kwani haikuwepo?"

Watu waliokuwa karibu waligeuka kusikiliza. Mama Godi alikuwa kwenye benchi chini ya turubai, macho kwangu.

Nilifanya kazi ile ili siku moja mtu aniulize hivyo nami nimjibu ipo.

"Haikuwepo, baba," nikasema.

Mzee akatikisa kichwa polepole, akasema, "Basi ni Mungu." Mama Godi akasogea kidogo kwenye benchi, nikaenda nikakaa.